Vidonge vya Zamu

Pale Soga, karibu na reli, majirani hawakuwa na haja ya kuuliza kama zamu ya Biasha imefika. Walisikia kinu. Kinu cha Biasha kikianza kutwanga alfajiri, na mbuzi ya nazi ikianza kukwaruza, walitazamana wakasema, "Mfaume anarudi leo."

Mfaume alikuwa na wake wawili. Biasha ndiye mke mkubwa. Aliishi Soga pamoja na mama yake Mfaume, Bi Saburi. Mke mdogo, Mwanajuma, aliishi Chole, upande wa Kisarawe, kwenye mikorosho. Mfaume alikaa wiki moja huku na wiki moja kule. Alisafiri kwa baiskeli, tenga limefungwa nyuma. Mvua inyeshe, jua liwake, hakumdhulumu mtu zamu yake.

Siku hiyo Biasha alitwanga mpunga, akaupepeta. Alikuna nazi, akachuja tui. Mtoto wake wa mwisho, Zubeda, alikuwa ameanza kutembea. Alimfuata mama yake kila mahali, ameshika upindo wa khanga.

Pilikapilika zilipokwisha, Biasha aliingia ndani. Aliinama mvunguni, akatoa kopo la majani ya chai. Ndani ya kopo mlikuwa na kipande cha karatasi inayong'aa, kimepangwa vidonge vidogo. Akabandua kimoja. Akakimeza kwa maji.

"Haya," alijisemea. "Mwenyewe anakuja."

Hivyo ndivyo alivyofanya tangu alipopewa vidonge vile kliniki. Mume akiwa njiani, kopo linafunguliwa. Mume akienda Chole, kopo linafungwa. Biasha aliona ni busara. Mgeni akishaondoka, nani anaendelea kupika pilau? Nesi alisema vimezwe kila siku, ni kweli. Lakini Biasha alifikiri nesi alikuwa akisema na wale wanawake ambao waume zao wanalala nyumbani kila siku.

Tena siku ile kliniki ilikuwa imejaa watu. Biasha alichelewa, akakaa benchi la mwisho. Zubeda alilia kwa joto. Maneno mengine Biasha aliyasikia, mengine yalipotea kwenye vilio vya watoto. Aliona haya kunyoosha mkono na kuuliza.

Vidonge vile havikuwa mchezo kwake. Alipomzaa Zubeda, damu ilitoka ikakataa kusimama. Majirani walimlaza juu ya kitanda cha kamba, wakambeba hadi barabarani kutafuta gari. Hospitali walimwongezea damu. Alipopata nafuu, mkunga alimshika mkono akamwambia, "Mwili wako umekwisha damu, mama. Pumzika kuzaa mpaka upate nguvu. Ukishika mimba mapema, safari ijayo huenda tusikuwahi."

Maneno hayo yaliganda kichwani mwake. Alikuwa na watoto watano. Kila alipomtazama Zubeda alijiuliza, "Nikiondoka mimi, nani atamlea huyu?"

Mfaume naye aliogopa. Ndiyo maana hakupinga vidonge. Alikwenda kwanza kumuuliza kaka yake Mwinyimadi, aliyefundisha watoto Kurani chuoni. Mwinyimadi alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia, "Hata watu wa zamani wa dini walikuwa na njia zao za kuchelewesha mimba, kwa makubaliano ya mume na mke. Na mkeo ni mgonjwa. Mpumzishe." Mfaume akarudi na moyo mweupe.

Na kulikuwa na Mwanajuma.

Biasha alipotoka hospitali, Mwanajuma alikuja kutoka Chole. Hakuitwa na mtu. Alikuwa na mimba changa mwenyewe. Alikaa Soga siku nyingi. Alifua nguo za damu, akamnywesha Biasha uji wa pilipili manga, akawaogesha watoto. Alipoaga hakusema neno kubwa. Alisema tu, "Nimekuachia kuni za kutosha, dada."

Biasha hakusahau zile kuni. Baadaye Mwanajuma alijifungua mtoto wa kiume, Pazi, akaja naye Soga kumwonyesha bibi yake. Walipokuwa wawili jikoni, alinong'ona, "Dada, na mimi natamani kupumzika. Pazi bado mchanga sana."

Biasha alitafuta kitu cha kumlipa wema wake, akakiona. Alileta kopo. Akatoa karatasi ya vidonge, akachukua mkasi, akaikata katikati.

"Chukua. Nusu yako, nusu yangu."

"Je, vitatutosha?"

"Vitatutosha sana. Akiwa kwangu nameza mimi. Akiwa kwako unameza wewe. Mume mmoja, dawa moja!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Walijiona wajanja kuliko kijiji kizima. Tangu hapo, kila Biasha alipokwenda kuchukua vidonge, alikata, akafunga nusu kwenye kitambaa, akampa Mfaume. "Mpe mwenzangu dawa yake," alisema. Mfaume alidhani ni dawa ya mchango, ya maumivu ya tumbo. Hakufungua.

*

Kisha mambo yakaanza kuvurugika.

Zamu ilipokwisha na kopo lilipofungwa, Biasha aliona damu. Haikuwa siku yake ya kuona damu. Ikakatika. Zamu nyingine ikaja, ikapita, damu tena. Alikuwa akiacha sala, anaanza tena, anaacha tena. Hakujua lini ni hedhi na lini si hedhi.

"Mama, wewe husali?" aliuliza mwanawe mkubwa, Husseini.

"Nenda kachote maji," alijibu Biasha.

Mwezi uliofuata, damu haikuja kabisa. Asubuhi tumbo lilimchafuka. Kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, herufi zilicheza ubaoni kama sisimizi. Ilimbidi aweke kichwa juu ya dawati.

Jirani yake, Biubwa, alimsindikiza nyumbani. Biubwa alikuwa na moyo mzuri na mdomo usiolala.

"Shoga, ni vile vidonge. Havisagiki vile. Vinajaa tumboni kama kokoto. Binamu yangu alipasuliwa wakavikuta debe zima."

"Debe zima?"

"Basi nusu debe. Mimi sikuwapo. Bora sindano."

"Kwani sindano ni nzuri?"

"Nzuri wapi! Inakausha kizazi."

"Sasa si umesema bora sindano?"

"Nimesema bora kuliko vidonge. Sikusema ni nzuri. Kuna na kitanzi. Lakini kitanzi nacho kinapanda, kinapanda, mpaka kinafika kwenye moyo."

"Sasa mimi nishike lipi, Biubwa?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nakwambia tu."

Biasha aliingia ndani akiwa na giza zaidi kichwani kuliko alivyotoka. Usiku hakuwa na usingizi, mchana hakuwa na hamu ya kula. Kila mtu alikuwa na neno lake, na kila neno liling'oa jingine.

Bi Saburi alikuwa akimtazama mkwe wake. Siku moja alimwita chumbani. Alikuwa ameshika uzi mweusi wenye mafundo.

"Mwanangu, simama. Uzi huu alinifunga mama yangu. Mafundo yakiwa yamefungwa, na tumbo limefungwa. Ukitaka mtoto, tunafungua."

Akamfunga kiunoni. Alivuta kila fundo mara mbili kuhakikisha limekaza. Biasha aliona kuwa mama mkwe naye anaogopa. Basi hakumwambia kwamba damu imekatika, na kwamba huenda wamechelewa.

Sasa kiunoni ana uzi, kwenye kopo ana vidonge, na tumboni hajui ana nini.

*

Zamu yake iliporudi, Biasha hakutwanga. Alikaa barazani, Zubeda miguuni. Jua lilipoanza kupungua aliona baiskeli ya Mfaume ikija. Lakini Mfaume hakuwa ameipanda. Alikuwa anaikokota. Juu ya kiti cha nyuma alikaa Mwanajuma, Pazi mikononi.

Biasha alinyanyuka. Mke mwenza haletwi katika zamu ya mwenzake bila sababu.

"Kuna nini, baba Husseini?"

"Mtoto," alisema Mfaume. Uso wake ulikuwa umechoka. "Analia toka juzi. Anavuta titi, hapati kitu. Kwanza alikuwa akishiba mpaka anacheua."

Bi Saburi alimpokea Pazi, akamtazama. Mtoto alikuwa amekonda shavu. "Umekula nini wewe mama yake?" aliuliza.

Mwanajuma alimtazama Biasha. Biasha alimtazama Mwanajuma. Kisha Biasha akaingia ndani, akatoka na kopo la chai na mkasi, akaviweka mkekani mbele ya wote.

Akaeleza kila kitu. Jinsi walivyogawana. Jinsi alivyofungua kopo kwa zamu na kulifunga kwa zamu. Damu inayokuja na kupotea. Na mwezi huu ambao haikuja.

Mfaume alishika kichwa. "Kwa hiyo vile vifurushi nilivyokuwa nabeba..."

"Ndivyo."

"Mmekata dawa kama andazi!"

"Tulidhani..."

"Mume mmoja, dawa moja," Mwanajuma alisema kwa sauti ndogo. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mfaume aliinuka, akatembea mpaka kwenye mpapai, akarudi. Biasha alidhani atafoka. Lakini alipofika alikaa chini, mbele ya Biasha, akauliza polepole, "Una mimba?"

"Sijui, baba Husseini. Wallahi sijui. Mimi sasa sijui chochote."

Machozi yakamtoka. Bi Saburi alimpa Mwanajuma mtoto wake, akajifunga khanga vizuri.

"Kesho mnakwenda kliniki," alisema. "Wote watatu. Na mimi nakwenda. Nataka kusikia kwa masikio yangu."

*

Nesi wa kliniki aliitwa Eugenia. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya chini. Alipoona familia nzima imesimama mlangoni, alianza na Bi Saburi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuletea matatizo."

"Karibuni ndani na matatizo yenu. Na baba naye aingie. Baba, mbona unasimama nje kama mlinzi?"

Mfaume aliingia, akakaa pembeni kabisa.

Nesi Eugenia alimchukua Pazi kwanza. Alimpima uzito, akamchungulia mdomo na macho. "Hana ugonjwa. Ana njaa tu." Alimwonyesha Mwanajuma jinsi ya kumweka mtoto vizuri titini. "Mnyonyeshe mara nyingi, mchana na usiku. Wewe kula vizuri na unywe maji mengi. Vile vidonge acha leo. Maziwa yatarudi. Umlete tena nimpime."

Kisha akamgeukia Biasha. Biasha alisimulia yote, macho chini. Alingoja kugombezwa. Lakini nesi hakumgombeza. Alivuta kiti chake karibu.

"Mlifikiria sana," alisema. "Mlitaka kusaidiana. Kosa ni kwamba sikujua mnaishi vipi, na ninyi hamkujua kidonge kinafanya kazi vipi. Je, ulifikiri kinafanya kazi kwa nani?"

"Kwa... kwa mume. Akija."

"Hapana. Kinafanya kazi ndani ya mwili wako wewe. Kila mwezi mwanamke anatoa yai. Yai hilo likikutana na mbegu ya mwanamume, ndiyo mimba. Kidonge kinalizuia yai lisitoke. Lakini nguvu ya kidonge ni ya siku moja. Ukiacha siku chache, mwili unasahau dawa, na yai linajitayarisha. Yai halijui zamu ya nani."

Bi Saburi aliguna. "Kumbe!"

"Basi mume anaporudi," nesi aliendelea, "unameza kidonge, lakini kinakuta yai limekwisha kujitayarisha. Umechelewa. Na mwili ukianza dawa kisha ukaikatiza, unamwaga damu. Ndiyo ile damu iliyokuchanganya."

Biasha alihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Kwa mara ya kwanza tangu mambo yavurugike, kitu kimoja kilikuwa na sababu.

"Havikujaa tumboni kama kokoto?"

"Vinayeyuka kama chumvi kwenye mchuzi. Havibaki."

"Na kitanzi hakipandi moyoni?"

Nesi alifungua kabati, akatoa kitu kidogo cha plastiki chenye uzi, akakiweka kwenye kiganja cha Bi Saburi. "Hiki hapa. Kinawekwa ndani ya mji wa mimba, kinakaa humo miaka. Kutoka humo hakuna njia ya kwenda moyoni."

Bi Saburi alikigeuza geuza. "Kidogo hivi? Na ndicho kinachotisha watu kijiji kizima?"

Mwanajuma alicheka, akaziba mdomo.

Mfaume alikohoa pale pembeni. "Nesi, samahani. Na mimi nina swali. Nimesikia hapa mnahasi wanaume. Kama madume ya ng'ombe."

"Hatuhasi mtu, baba! Kuna wanaume wanaofunga njia ya mbegu, kwa hiari yao, hospitali kubwa, wakishaamua hawataki watoto tena. Hawakatwi kitu. Uanaume wao uko palepale."

"Alhamdulillahi," alisema Mfaume, na safari hii wote walicheka, hata Biasha.

Nesi alimlaza Biasha kitandani nyuma ya pazia. Alimpima presha, akamtazama macho na kucha, akamgusa tumbo. Aliuona uzi wenye mafundo kiunoni.

"Nani amekufunga?"

"Mama mkwe."

"Anakupenda," alisema nesi. "Uache, haukudhuru. Lakini hauzuii mimba. Usiutegemee peke yake."

"Nesi, nina mimba?"

Nesi Eugenia alimsaidia kuketi. "Sitaki kukudanganya. Kwa mkono siwezi kujua leo, ni mapema mno. Huenda ipo. Huenda ni mwili tu umevurugika kwa kuanza na kuacha. Itabidi tungoje. Vidonge acha kabisa kwanza. Mkikutana na mume, atumie mpira. Uje tena baada ya wiki chache. Na ikiwa ipo, nataka kukuona mapema, tukupeleke hospitali, usijifungulie nyumbani. Hutakuwa peke yako."

Biasha alifumba macho. Kungoja. Alikuwa amekuja kutafuta jibu, na sasa anarudi nalo nusu. Lakini nusu hiyo ilikuwa ya kweli.

Walipotoka nyuma ya pazia, alisema, "Nesi, wewe umesoma. Nichagulie tu njia moja, nifuate."

"Sitakuchagulia. Nikikuchagulia mimi, siku jirani akikutisha utaiacha. Nitakuuliza maswali, wewe ujijibu." Akawatazama wake wote wawili. "Na kila mtu ajijibie mwenyewe. Mume ni mmoja, lakini miili ni miwili."

Akauliza. Kila mwezi damu yako ni nyingi au kidogo? Unanyonyesha mtoto mchanga? Unaumwa sana kichwa, miguu inavimba, umewahi kuwa na macho ya njano? Kliniki ni mbali na kwako? Unasahausahau? Unataka mtoto mwingine baadaye, au umetosheka?

Mwanajuma alijibu kwanza. "Mimi damu yangu ni kidogo. Nanyonyesha. Chole ni mbali, kuja kuchukua vidonge ni shida. Nataka mtoto mwingine, lakini Pazi akue kwanza."

"Basi kwako vidonge hivi havifai sasa, maana vinapunguza maziwa. Unaweza kutumia kitanzi. Hakigusi maziwa, na huhitaji kuja mara kwa mara. Miezi ya mwanzo damu inaweza kuongezeka kidogo na tumbo kuuma. Ukitaka mtoto, tunakitoa. Au sindano, lakini hiyo lazima uifuate kila miezi mitatu. Au mpira. Kunyonyesha nako kunasaidia mwanzoni, lakini mtoto akianza uji usikutegemee."

Mwanajuma alikitazama kile kitu kwenye kiganja cha mama mkwe. "Nitafikiri," alisema. "Lakini kimenipendeza."

Biasha akajibu. "Mimi damu yangu ni nyingi. Zubeda anakula chakula, hategemei titi. Kichwa hakiniumi, ila kizunguzungu."

"Kizunguzungu ni upungufu wa damu. Nitakupa vidonge vya kuongeza damu, na mboga za majani usiache. Presha yako ni nzuri. Kwa damu nyingi kama yako, kitanzi kinaweza kuizidisha, mimi nisingekisifu kwako. Sindano inawezekana. Ila mwanzoni inaweza kuleta damu bila mpango."

"La, hapo sala yangu itavurugika tena."

"Vidonge vyenyewe huwa vinapunguza damu ya mwezi. Vinaweza kukufaa, ukivimeza kila siku. Kila siku, mume yupo au hayupo. Siku za mwanzo vinaweza kukuchafua tumbo. Ukisahau kimoja, meza mara tu ukikumbuka. Ukisahau zaidi, mume atumie mpira, na uje kuniuliza. Mguu ukivimba na kuuma, au kifua, au kichwa kikali sana, acha na uje mbio."

"Na Ramadhani? Mwezi unaandama karibuni."

"Kila siku si lazima iwe mchana. Meza baada ya futari, saa ileile kila jioni."

Mfaume aliinama mbele. "Na huo mpira, nesi... unavaliwa vipi? Mimi mpira ninaoujua ni wa baiskeli."

"Njoo huku, baba, nikuonyeshe kwa gunzi la mahindi."

Bi Saburi alisimama haraka. "Mimi nimeshasikia ya kutosha," alisema. "Nangoja nje."

*

Siku za kungoja zilikuwa ndefu. Biasha alilima muhogo, alikwenda kisomo, alipanga foleni ya sukari kwenye duka la kijiji. Kila alipokwenda msalani, alitazama kama damu imekuja. Biubwa akaja na habari mpya za binamu mwingine. Biasha alimsikiliza, kisha akamwambia, "Shoga, twende wote kliniki siku moja, ukamuulize nesi." Biubwa akasema ana kazi nyingi.

Mfaume alikuwa Chole kwa zamu. Alipita dereva wa lori, akaleta salamu: Pazi ananyonya, anacheua.

Mwezi ukaandama. Kijiji kizima kiliamka kula daku. Biasha aliamka na wenzake, akapakua, akanuia kufunga.

Jua lilipochomoza alikwenda msalani. Alichelewa kutoka. Bi Saburi alikuwa ameshika ufagio uani alipomwona Biasha anatoka, mkono kifuani.

"Mwanangu, kuna nini?"

"Damu, mama. Imekuja. Ni hedhi. Hakuna mimba."

Bi Saburi aliuangusha ufagio. Alimkumbatia Biasha, wakakaa chini pale pale uani, wote wawili, wanalia na kucheka. Siku ya kwanza ya Ramadhani, kijiji kizima kimefunga, na Biasha hakufunga, na hakuwahi kufurahi hivyo.

"Kaa nyuma ya jiko," alisema Bi Saburi, "watoto wasikuone." Naye, aliyekuwa amefunga, akakoka moto, akampikia mkwe wake uji mzito, akamtilia na tui. Aligeuza kichwa pembeni alipokuwa anakoroga, ili asinuse.

Siku hizo hizo Biasha alirudi kwa Nesi Eugenia. Presha ikapimwa tena. "Umechagua?" aliuliza nesi.

"Nimechagua vidonge. Karatasi nzima, bila mkasi."

Mwanajuma naye alikuja baadaye, Pazi amenona mgongoni. Alichagua kitanzi. Kilipokwisha kuwekwa, alitoka akiwa amekunja uso kidogo, akaketi karibu na Biasha kwenye benchi.

"Kiliuma?"

"Kidogo. Kama kubanwa na tumbo la hedhi. Dada, siku hizi mbili nani atachota maji yangu?"

"Unalala kwangu," alisema Biasha. "Kuni na maji ninavyo."

Mwaka ukapita, na mwingine ukaanza. Ndani ya kope za Biasha, palipokuwa peupe kama karatasi, wekundu ulirudi. Kizunguzungu kikaisha. Alibeba ndoo bila kupumzika njiani, na kwenye kisomo alifaulu kusoma ukurasa mzima mbele ya wenzake. Zubeda alikimbia na watoto wa jirani mpaka kwenye reli, akarudishwa kwa fimbo ya kutishia tu.

Majirani bado walijua zamu kwa sauti ya kinu. Lakini kulikuwa na sauti nyingine iliyosikika kila jioni, wiki ya Soga na wiki ya Chole. Ilikuwa sauti ya Bi Saburi, baada ya chakula, kutoka barazani:

"Biasha! Umemeza chako?"

Jioni moja Biasha, amechoka kwa shamba, alijibu kwa uvivu kutoka ndani, "Mama, leo baba Husseini hayupo."

"Nimekuuliza habari za Mfaume mimi?" alisema Bi Saburi. Aliinuka, akatia maji kwenye kikombe, akampelekea mkwe wake mpaka kitandani. Akasimama pale mpaka alipomwona amemeza.